Sentimita Tano Kushoto

Kwa Mganga Mkuu wa Hospitali,
Ghorofa ya juu, mlango wenye pazia la kijani.

Ndugu Mganga Mkuu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote unaowaongoza. Nakuandikia nikiwa nimeketi, maana nikiandika nimesimama watu wako watasema barua yenyewe imeinama.

Mimi ni fundi mwashi. Nimepanda majukwaa kwa miaka arobaini na sita, na katika miaka yote hiyo sijaanguka hata mara moja.

Mke wangu yuko hapa mezani anachambua maharage, na nilipoisoma sentensi hiyo kwa sauti ameguna. Haya, nilianguka mara moja, lakini niliangukia mchanga, na kuangukia mchanga hakuhesabiki. Ameguna tena. Mara tatu, Mganga Mkuu, na tuishie hapo, kwa sababu ile ya pipa la chokaa haikuwa kuanguka, ilikuwa kuingia.

Mgongo wangu umepinda. Ukinitazama kwa mbele, bega la kulia limepanda kama linasikiliza umbeya, na la kushoto limeshuka kama limeshausikia. Kwa nyuma ni herufi S. Hivyo ndivyo alivyoniambia daktari wa mifupa, nami nikamshukuru, kwa sababu katika herufi zote nilizofundishwa hadi darasa la nne, hiyo sikuwahi kuikosea. Ulianza kupinda nikiwa kijana, umeendelea polepole, kazi safi isiyo na ufa. Mafundi wenzangu huniita Upinde, nami huitika. Sina ugomvi na mgongo wangu. Ugomvi wangu ni na chumba chenu namba kumi na moja, kile kilichoandikwa mlangoni Chumba cha Kupimia Msawazo wa Mwili.

Binti yangu anajenga nyumba ya ghorofa. Kusema kweli naijenga mimi, yeye analeta chai. Msingi ni wangu, ngazi ni zangu, kila tofali limepita mkononi mwangu. Umebaki ukuta mmoja wa chumba cha juu, mistari minane tu. Nimewajengea watu maisha yangu yote, na wengine siku ya kuhamia walinizuia mlangoni kwa sababu viatu vyangu vina udongo. Hii ndiyo nyumba ya kwanza ambayo nikiimaliza nitakaribishwa ndani na viatu vyangu. Ndiyo maana nautaka ukuta ule.

Lakini binti yangu ana mume. Mkwe wangu ni karani wa usajili, mtu mwenye adabu nyingi hadi zinachosha, na mgongo wake umenyooka kama rula ya shule. Aliniona juu ya jukwaa, akashika kichwa, akasema, "Baba, kwa heshima zote, bila karatasi ya hospitali hupandi tena." Nikamuuliza kama karatasi ndiyo itakayonidaka nikiteleza. Akajibu, "Hapana, baba, ila nitakuwa na kitu cha kumwambia mama." Ndivyo makarani wanavyopenda watu, kwa nakala mbili. Akaongeza kwamba nisipoileta karatasi hiyo kufikia Jumapili, Jumatatu asubuhi ukuta anapewa Chapuchapu.

Chapuchapu humjui, na una bahati. Ni fundi mwenzangu kwa jina tu. Kuta zake hata mbuzi hakubali kujikunia.

Basi Jumanne nilikuja kwenu, mkwe akanisindikiza na faili kwapani. Nilitoka na karatasi ambayo nainakili hapa kama ilivyo: "Uti wa mgongo uliopinda. Msawazo hafifu. Uzito umeegemea sentimita tano kushoto. Asipande ngazi, jukwaa wala kiti."

Wala kiti, Mganga Mkuu! Mimi niliyejenga ngazi za nusu ya mtaa huu, nikitaka kushusha sufuria kwenye rafu nimwite jirani?

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, ninaorodhesha malalamiko yangu. Naomba uyasome ukiwa umesimama, miguu pamoja, mikono ubavuni, kama nilivyoamriwa mimi.

1. Nilisimama kwenye korido yenu kwa muda wa saa nne, kwa kuwa viti vilikuwa sita na sisi tulikuwa thelathini. Nilisimama bila kuegemea ukuta, kwa sababu mlikuwa mmeupaka rangi asubuhi hiyo na mkabandika tangazo tusiuguse. Saa nne nimesimama, nikisubiri kupimwa kama naweza kusimama! Hospitali yenye akili ingetuma mtu koridoni na mhuri, akampigia kila ambaye bado yuko wima, na kazi ingekwisha kabla ya saa ya chai.

2. Ndani nilimkuta dada mpimaji, mwanamke mpole mwenye miwani ya kamba. Sina neno baya juu yake ila haya yote yanayofuata. Alinivua viatu, akanivua shati, akanipandisha kwenye sahani ya chuma ya baridi, nene kama kitabu cha dini. Akasema, "Mzee wangu, simama wima." Nikamwambia nimesimama. "Hapana, mzee, wima." Nikamwambia, mwanangu, hii ndiyo wima yangu, nyingine sikuja nayo. Akaandika. Kila nilichosema aliandika, na kila alichoandika mkwe wangu naye alikinakili kwenye faili lake. Nimewahi kupelekwa polisi kwa ajili ya ukuta wa jirani, na kule hawakuandika hata robo.

3. Hili la tatu limenikosesha usingizi. Dada alichukua uzi akaubandika shingoni kwangu kwa plasta, ukaning'inia mgongoni, na mwisho wake akafunga nati ya baiskeli. Akasema hii ni timazi. Mganga Mkuu, mimi nimeshika timazi kabla dada huyo hajashikwa mkono kuvuka barabara. Timazi ina risasi nzito yenye ncha. Timazi haifungwi nati. Na juu ya yote, timazi haitumiki chini ya feni! Feni yenu ilikuwa inazunguka kwa bidii ya mfanyakazi mgeni, uzi ukacheza kushoto, ukacheza kulia, ukanitekenya, nami nikacheka, na nilipocheka dada akasema, "Mzee anayumba." Ninyi ndio mliokuwa mnayumba. Mtoto wa siku mbili katika kazi yetu anajua kufunga dirisha kabla ya kushusha timazi.

4. Hili mke wangu ameniomba nilifute, kwa kuwa linamhusu mama yako mzazi, na yeye hana hatia.

5. Niliambiwa nifumbe macho. Nikauliza kwa nini. Eti ili waone mwili unajishikiliaje bila msaada wa macho. Naomba unitajie fundi anayejenga akiwa amefumba macho. Mimi namjua mmoja, nimeshakutajia, naye hupewa kazi. Kisha wakaweka godoro la sifongo juu ya ile sahani, wakanipandisha tena, macho bado yamefumbwa. Ni nyumba gani mmewahi kuiona imejengwa juu ya sifongo? Nilisimama pale kama kuku kwenye kamba ya nguo. Mkwe wangu alikuwa amenyoosha mikono kunidaka. Nilifumbua jicho moja nikamwona, na kwa heshima ya binti yangu sikumwambia nilichofikiri.

6. Halafu wakanionyesha picha yangu. Sikuwa na sura, sikuwa na bega, sikuwa na miaka arobaini na sita ya kazi. Nilikuwa nukta nyekundu kwenye kioo cha mashine, na nukta hiyo ilikuwa imechorachora kama kuku aliyepita kwenye zege bichi. Dada akanieleza taratibu kwamba nukta ni mahali uzito wangu unapoangukia, na kwamba mtu mwenye mgongo uliopinda mwili wake huhamia upande bila mwenyewe kujua. "Mwili umezoea, mzee. Kwake hapo ndipo katikati." Nikamjibu kwamba jicho langu ndilo lililoonyesha nusu ya mtaa katikati iko wapi, na kwamba jicho hili halijawahi kuhitaji nukta. Alitabasamu. Watu wenu wanatabasamu vibaya sana.

7. Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, na kama bado umesimama, kaa.

Wakati dada anasubiri mashine iteme karatasi, niliinama kuvaa viatu, nikahisi kitu. Fundi husikia sakafu kwa nyayo kama mpishi anavyosikia chumvi kwa ulimi. Nikafungua mkoba wangu, nikatoa pima maji yangu, ambayo hulala nami na kuamka nami, nikailaza sakafuni pembeni mwa ule mpira wa kijivu mliotandika. Kile kiputo cha hewa hakikufikiri mara mbili, kilikimbilia kulia kama mtu aliyeitiwa chakula. Sakafu yenu, Mganga Mkuu, imeinama kushoto!

Nikamwita mkwe. Nikamwambia avue viatu apande sahani, yeye na rula yake ya mgongo. Alikataa kwa adabu, nikamwamuru kwa adabu, akapanda. Mashine ikasema: sentimita mbili kushoto. Nikamwomba dada naye apande. Alicheka, akapanda: mbili kushoto. Dada akakunja uso, akasema labda amechoka, labda ni chakula cha mchana. Hakikuwa chakula cha mchana. Mbili, mbili, tano, sote kushoto! Mbele ya hakimu yeyote hiyo ni kesi iliyokwisha. Mashine yenu haikunipima mimi, ilipima sakafu, ikaweka jina langu juu yake.

Ndipo nilipofikiria yule aliyeiweka sakafu ile. Simjui na sitaki kumjua. Lakini mtu gani huyo, Mganga Mkuu? Alikuwa na macho? Alikuwa na pima maji, au alitumia bakuli la mchuzi? Chumba cha hospitali, chenye kuta nne na tajiri wa kusimamia, na bado jamaa akaimwaga saruji kama anawamwagia bata maji, akakunja vitu vyake, akaenda zake nyumbani kula. Mimi mwanafunzi wangu akiniwekea sakafu kama ile ningempokonya mwiko nikampa kijiko. Kwa sababu ya punguani huyo, wagonjwa wangapi wenye migongo kama wangu wameandikiwa karatasi? Wangapi wamenyimwa kazi, baiskeli, ngazi, kiti?

8. Kutokana na la saba, mambo yafuatayo hayaepukiki, na nashangaa kwamba inabidi nikuandikie mimi.

Kama mtu wa sentimita mbili ameinama, basi dada mpimaji ni mgonjwa, apewe karatasi yake, asipande kiti. Mkwe wangu ni mgonjwa, na tangu leo asipande ngazi za nyumba ninayoijenga, alale chini na ndoo za rangi. Na kwa kuwa mashine haijakutana na mtu ambaye hakuinama, ni lazima hospitali nzima ipimwe, kuanzia wafagizi hadi kwako. Ofisi yako iko juu. Ngazi za kwenda huko nilizihesabu, ni ishirini na mbili, hazina kishikizo upande wa kushoto. Siwezi kukubali kwa dhamiri yangu kwamba mtu ambaye msawazo wake haujathibitishwa azipande kila asubuhi akiwa amebeba uhai wetu. Naomba uhamie chini hadi utakapopata cheti. Unaweza kutumia korido. Viti ni sita.

Chapuchapu naye apimwe, macho yamefumbwa, juu ya sifongo, feni ikiwashwa yote.

Na yule fundi wa sakafu atafutwe popote alipo. Kama amekufa, nitaridhika. Kama yu hai, aletwe chumba namba kumi na moja, asimamishwe bila shati, afungwe nati shingoni, na aandikiwe kwa maandishi makubwa: asipande ngazi, jukwaa wala kiti, asishike mwiko, na asiitwe fundi mbele ya watu.

Mimi binafsi sidai mengi. Ichaneni karatasi ya tano kushoto, mniandikie kwamba nimenyooka kwa kadiri ya fundi aliyepinda, na iwe imefika kabla ya Jumapili, kwa sababu ya ule ukuta.

Nisalimie dada mpimaji na miwani yake. Nisalimie mlinzi wa getini aliyenishikia mkoba nilipokuwa nikijiandikisha, na bibi wa mguu wa plasta aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni, na mpaka rangi wenu, mwambie koti la pili la rangi lisubiri la kwanza likauke. Wasalimie wote waliosimama siku ile, ambao naamini bado wamesimama.

Ni mimi, niliyeinamishwa na sakafu yenu,
Fundi Upinde

Nyongeza.

Barua hii ilikuwa tayari ndani ya bahasha, ndipo mke wangu akasema anataka kuisoma yote. Yeye alifika darasa la nane na hanisamehe. Alisoma hadi la saba, akaweka chini, akaniuliza, "Chumba hicho kina dirisha dogo juu, karibu na dari?" Nikasema kina. "Mlango wake ni mpana, wa kupitisha kitoroli?" Nikasema ndiyo. Akavua miwani. "Mzee, hicho ni chumba chetu cha kufulia."

Ni lazima nikueleze kwamba mke wangu, kabla hajawa mke wangu, alikuwa akifua mashuka ya hospitali hiyo. Mimi nilikuwa kijana niliyeletwa kuweka sakafu mpya. Wafuaji walikuwa wanasimama kwenye maji hadi kifundo cha mguu, na mmoja wao alininung'unikia tangu nilipoingia hadi nilipotoka. Nikaiweka sakafu na mteremko, kutoka mlangoni hadi kwenye tundu la ukutani upande wa kushoto, ili miguu yake ikauke. Siku ya kumaliza nilimwaga ndoo nzima mbele yake. Maji yalikwenda yote tunduni, hayakubaki hata ya kulowesha kidole. Leo tundu hilo liko chini ya mpira wenu wa kijivu, mlango mmeuandika jina jingine, kuta mmezipaka rangi ya maziwa, nami nikaingia kama mgeni nikatukana kazi yangu mwenyewe kwa ukurasa mzima. Naomba yale ya mwiko na kijiko uyafute. Sakafu ile ni nzuri. Ni ninyi mliopeleka mashine ya msawazo ikasimame mahali pa maji machafu.

Nilidhani hapo nimeshinda zaidi. Mke wangu akasema, "Subiri. Mkwe alikuwa ngapi?" Nikasema mbili. "Na yule dada?" Mbili. "Na wewe?" Nikaanza kuzungumzia feni. Akasema, "Toa."

Nilitoa kwa vidole, Mganga Mkuu, mara mbili, nikianzia mkono tofauti. Zinabaki tatu.

Tukafunga dirisha la jikoni. Nikavua shati, yeye akashika timazi yangu, ile ya kweli yenye risasi, kutoka kwenye shingo hadi chini, akasubiri itulie kama nilivyomfundisha. Akapima kwa rula ya mjukuu. Nikamwambia apime tena. Mara ya pili zilikuwa tatu na kidogo, na hiyo kidogo akasema ananiachia. Kisha akanipa shati langu, akarudi kwenye maharage yake, na hakuguna.

Kwa hiyo yale yote ya juu yabaki kama mazungumzo. Mkwe nimemwambia mwenyewe kabla ya Jumapili, hakuniuliza karatasi, akasema tu, "Asante, baba," na kwa mara ya kwanza hakuandika popote. Chapuchapu anaanza Jumatatu. Nitakaa chini kwenye kiti, nimekikalia, sijakipanda, nikiwa nimeshika ncha ya uzi, na tofali likitoka nje ya mstari hata unene wa kucha atanisikia hadi kwenu.

Limebaki jambo dogo. Siku ile ya ndoo ya maji, msimamizi wa wafuaji alifurahi, akasema mbele ya wote, "Fundi, siku ukiugua, hospitali hii hutapanga foleni." Shahidi ninaye, ananitazama sasa hivi. Sijawahi kuidai ahadi hiyo. Naidai leo. Naomba siku moja niingie chumba namba kumi na moja bila kusimama koridoni, nipimwe upya. Nitakuja na kabari yangu ya mbao ya kuweka chini ya sahani upande wa tundu, na feni mtaizima. Cheti najua sipati, na wala sikiombi. Nataka karatasi iandikwe tatu. Zile mbili si zangu, ni za maji.